Hakuna Mtu Humu Ndani

Nchi yetu ina amani. Nalisema hili mwanzoni kabisa, nisije nikaulizwa baadaye kwa nini sikulisema. Jina la nchi silitaji, si kwa woga bali kwa kuokoa karatasi, maana ni jina refu na kila sikukuu ya uhuru huongezwa neno jingine.

Kazi yangu ilikuwa kukata tiketi katika Makumbusho ya Taifa ya Mateso ya Mkoloni, katika mji mkuu. Jengo lile zamani lilikuwa gereza. Mkoloni alilijenga akawafunga humo babu zetu. Kisha tukapata uhuru, tukaendelea kufungana humo wenyewe, safari hii kwa hiari yetu. Ndipo Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alipoambiwa na wafadhili kwamba miji mikubwa ya dunia ina makumbusho na wageni huja kuyatazama. Akaamuru gereza liwe makumbusho ndani ya wiki tatu. Likawa. Kuta zikapakwa chokaa, lango likapandwa maua, na askari magereza wakapelekwa semina ya siku mbili kujifunza kutabasamu.

Mmoja wao alikuwa Koplo Nangomwa, ambaye tangu semina aliitwa Mwongoza Wageni Daraja la Kwanza. Sisi tuliendelea kumwita Afande. Alikuwa amelinda milango ya jengo lile kwa miaka thelathini na moja, na kiunoni alining'iniza pete ya chuma yenye funguo zote. Somo la kutabasamu alifeli, lakini cheti alipewa kama wengine, kwa sababu vyeti vilikuwa vimeshachapwa.

Nyuma ya jengo kulikuwa na sehemu nyingine, imezungushiwa mabati. Tulielezwa kwamba ni stoo. Mimi ni mtumishi mtiifu, sikuwahi kushangaa kwa nini stoo ile ilipelekewa ndoo ya ugali kila siku saa saba.

Siku ninayoisimulia ilikuwa siku ya uzinduzi. Mlezi wa Taifa mwenyewe angefika saa tisa alasiri. Asubuhi tuliambiwa tuwaingize wageni wachache kutoka nje ya nchi, ili kamera zikute nyuso za kigeni zikistaajabu. Saa nne wakafika mume na mke.

Mume aliitwa Elieza Mkumbwa, mpima ardhi mstaafu kutoka nchi jirani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na daftari kwapani. Tangu ujana alijiwekea nadhiri ya kuona makumbusho na minara yote ya miji mikubwa ya ukanda wetu kabla magoti hayajamsaliti, na tiketi ya kila mahali aliibandika kwenye daftari hilo, na chini yake akaandika tarehe na urefu wa jengo kwa mita, kwa kukisia. Mkewe, Bi Fidea, alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambayo hukulazimika kuisikia mara mbili. Yeye makumbusho hayakumwingia. Aliponikabidhi mkoba wake, kwa kuwa mikoba hairuhusiwi kuingia, aliniambia kwamba katika miji minne ameshaonyeshwa mizinga kumi na mmoja, na yote imeelekezwa kwa watu ambao hawakuja. Kisha akaniuliza akae wapi, kwani miguu inamwaka moto.

Nikamweleza kwa adabu kwamba viti vyote vya hapa ni vya kihistoria na haviruhusiwi kukaliwa.

Akamfuata mumewe.

*

Chumba namba kumi na nne ndicho cha mwisho kwenye korido. Ndani yake kuna benchi la saruji, na benchi hilo halikuwa na kibandiko cha USIKALIE, kwa sababu vibandiko viliisha kwenye chumba cha kumi na tatu. Bi Fidea aliliona, akaingia, akakaa, akavua viatu. Mumewe alikuwa bado nyuma anasoma maelezo ya pingu.

Afande Nangomwa alikuwa anapita kukagua. Aliona mlango uko wazi na mtu yuko ndani. Mkono wake ukafanya kile ulichokizoea kwa miaka thelathini na moja. Ukasukuma. Mlango ukagonga fremu, kitasa kikalia na kujifunga.

Bwana Elieza alikuja mbio kidogo, akadhani ni sehemu ya maonyesho, akacheka na kumpiga mkewe picha. Bi Fidea naye alicheka. Afande hakucheka. Alishika pete ya funguo, akauchagua ufunguo wa namba kumi na nne, akauangalia, kisha akauachia ukarudi kiunoni.

Alisema hawezi kufungua.

Akaeleza taratibu, akitazama chini. Tangazo la Serikali lililogeuza gereza kuwa makumbusho liliandikwa haraka. Lilitaja lango, ua, ofisi na choo cha wageni. Vyumba vya wafungwa havikutajwa. Kwa hiyo kisheria, kuanzia mstari wa njano uliochorwa sakafuni, hapa bado ni gerezani. Mtu aliye ndani ya chumba ambacho mlango uko wazi ni mgeni. Mlango ukifungwa, ni mfungwa. Na mfungwa hatoki bila hati ya kuachiliwa. Mwaka mmoja wa mafuriko koplo mwenzake alimfungulia mtu aliyefungwa kwa makosa, bila hati. Mtu yule alikwenda zake, na koplo akaingia mahali pake, maana hesabu ya jioni ilikuwa lazima itimie.

"Sasa hiyo hati inatoka wapi?" Bwana Elieza aliuliza. Alikuwa bado ameshika kamera, lakini ameishusha.

Afande alisema yeye hati huwa anazipokea tu. Zinakotoka hajawahi kufika.

*

Mkurugenzi wetu, Daktari Lukwaro, aliitwa. Huyu alisomea vyungu vya kale na alikuwa mtu mpole sana kwa vyungu. Alipoona kuna mtu chumbani alitoa leso akajifuta shingo, akauliza ni saa ngapi. Ilikuwa saa tano na robo. Akapiga simu Idara ya Magereza. Idara ikamjibu kwamba jengo lile sasa ni makumbusho, na wao hawaachilii watu kutoka makumbusho. Akapiga simu wizarani kwake. Wizara ikamjibu kwamba makumbusho hayana mamlaka ya kuachilia wafungwa. Mwishowe wakamtuma Bwana Bitegeko, mwanasheria wa wizara, aliyekuja na gari mbili, moja yake na moja ya mafaili.

Bwana Bitegeko alisimama mbele ya nondo, akarekebisha tai, akasema kwa sauti ya kusikika hadi langoni:

"Bibi, napenda uelewe kwamba Serikali haijakufunga. Serikali inakushikilia kwa upendo, mpaka itakapopata sababu."

Kisha akatuelewesha hali ilivyo. Hati ya kuachiliwa inahitaji namba ya kesi. Namba ya kesi inahitaji kosa. Bibi huyu hana kosa, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa mtu asiye na kosa hawezi kusamehewa. Lakini Mungu si Athumani. Leo Mheshimiwa Mlezi alipanga kumsamehe mfungwa mmoja mbele ya kamera, na tangu juzi mfungwa huyo alikuwa anatafutwa bila kupatikana, kwa sababu, kirasmi, nchi yetu haina wafungwa. Kwa hiyo bibi achague kosa dogo, atie sahihi, na saa tisa atasamehewa na kupigwa picha.

Akatoa orodha. Aliichagua, alisema, kwa kuheshimu umri wake. Kulikuwa na kuzurura. Kulikuwa na kuidharau bendera kwa kutoiona. Kulikuwa na kukalia kitu cha kihistoria kwa nia ya kupumzika, kosa ambalo yeye binafsi alilipendekeza kwa kuwa lilikaribiana na ukweli.

Bi Fidea aliisoma orodha yote, mbele na nyuma. Akasema yeye amezalisha wanawake zaidi ya elfu nne, na kila mtoto ameandika saa aliyozaliwa, hata pale ambapo mama mtu aliomba iandikwe nyingine. Hajawahi kuandika jambo ambalo halikutokea, na hataanza leo kwa sababu ya benchi.

Bwana Bitegeko akasema atampa muda wa kukomaa.

*

Saa sita ikapita. Bwana Elieza alinifuata mezani kwangu, uso umepauka, akaniambia mkewe ana presha na dawa zake za mchana ziko kwenye mkoba. Nilimjibu kwa masikitiko kwamba mgeni haruhusiwi kuingia na mkoba, na mfungwa haruhusiwi dawa isiyoandikwa na daktari wa gereza, na daktari wa gereza aliondolewa jengo lilipogeuzwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza yangu, kama mtu anayepima kama imenyooka.

Muda mfupi baadaye nilikwenda kukagua kama mkoba uko salama, nao ukafunguka, na kwa bahati mbaya vidonge viwili vikadondokea mfukoni mwangu. Kwa bahati mbaya nyingine nilipita namba kumi na nne na chupa ya maji. Afande Nangomwa alikuwa amesimama pale pale. Aligeuka akatazama ukuta mpaka nilipomaliza. Bi Fidea alimeza vidonge, akanirudishia chupa, akaniuliza naitwa nani. Nikamwambia. Jina langu hapa halina umuhimu.

Bwana Elieza akaja nondoni. Aliongea naye kwa sauti ya chini, lakini korido zile zilijengwa ili kila kitu kisikike.

Alimwambia, mama Anjela, tia sahihi twende. Alimkumbusha basi la Jumatano, na mtoto wao anayewasubiri, na presha. Alisema sahihi haiui mtu. Kisha, nadhani bila kukusudia, akasema yeye ametia sahihi ramani nyingi kazini ambazo alijua mipaka yake imesogezwa, na hakuna aliyekufa.

Bi Fidea alimgeukia. "Hilo hukuwahi kuniambia, baba Anjela," alisema.

"Hukuwahi kuniuliza."

Yule mwanamke alikuwa amechoka sasa. Nilimwona anashika paji la uso. Akanyoosha mkono nje ya nondo akaomba kalamu. Bwana Bitegeko alikuwa ametoka nje kupokea simu, ameacha faili kwenye kiti cha kihistoria. Mumewe akalichukua, akampa fomu na kalamu haraka kabla hajabadili nia. Bi Fidea aliiweka fomu kwenye goti. Akaandika jina lake la kwanza.

"Mama, usitie."

Sauti ilitoka ukutani. Chini ya benchi, pale bomba la zamani lilipong'olewa, palibaki tundu la ukubwa wa ngumi, na ng'ambo ya ukuta ule ni kwenye mabati, kwenye stoo.

Bi Fidea hakupiga kelele. Aliteremka kutoka kwenye benchi akapiga magoti, akainamisha kichwa kwenye tundu, akauliza ni nani. Sauti ikajibu kwamba ni Kassian Mtitu, fundi bomba. Alisema naye aliletewa orodha. Alichagua kupiga chafya wakati wa hotuba, kwa sababu lilikuwa ndilo dogo kuliko yote, akaahidiwa kusamehewa Ijumaa ile ile. Ijumaa ile Mheshimiwa alipata mafua, hakuja. Sahihi ikabaki. Sasa ni mwaka wa sita.

"Wewe bila sahihi bado hujulikani ni nani," alisema. "Ukishatia, unajulikana."

Aliomba msamaha kwa kusikiliza mazungumzo ya mtu na mumewe. Akaomba pia, kama si usumbufu, mama aendelee kuongea kidogo, chochote, kwa kuwa kule hawajasikia sauti ya mwanamke kwa muda mrefu, na wenzake wamesogea wote ukutani. Bi Fidea akauliza wako wangapi. Wako kumi na tisa. Akawauliza kama wamekula, kama kuna mgonjwa, nani anakohoa na kikohozi ni cha namna gani. Walimjibu mmoja mmoja, kwa zamu, kila mtu akitaja jina lake kwanza.

Mimi nilisikia majina yote kumi na tisa. Afande Nangomwa alikuwa anayajua tayari. Alikuwa ameinua uso anaangalia dari.

Bi Fidea alisimama kwa kushika nondo, akaichana ile fomu mara mbili, akampa mumewe vipande. Bwana Elieza alivipokea. Alisogea mpaka ukuta wa pili, akateleza chini, akakaa sakafuni, juu ya mstari wa njano.

*

Bwana Bitegeko alipoona vipande alizungumza kwa dakika ishirini, na maneno yake mengi yalikuwa ya Kilatini. Lakini sasa ilikuwa saa nane na nusu na ving'ora vilishaanza kusikika mjini. Daktari Lukwaro alikuwa anazunguka kama kuku aliyekosa pa kutagia. Akasema watundike pazia. Bwana Bitegeko akasema Mheshimiwa huwa anafunua mapazia. Wakatazamana. Ndipo mwanasheria akapata wazo ambalo, nasikia, limempandisha cheo.

Wakaandika kibao, wakakitundika mlangoni: SANAMU YA NTA. MFUNGWA WA ENZI ZA MKOLONI. USIGUSE. Wakamwomba Bi Fidea asipepese macho kwa dakika tatu tu. Bwana Bitegeko aliongeza, kwa upole uliotufanya sote tuangalie pembeni, kwamba sanamu ikileta matatizo, mume wa sanamu anaweza kupatiwa chumba cha jirani.

Mlezi wa Taifa alifika saa tisa kamili, kwa kuwa saa huwa inamsubiri. Korido ilijaa mawaziri, kamera, na watu wa usalama waliotembea kwa ubavu kama kaa. Sisi watumishi tulipangwa ukutani, tumevaa fulana za uzinduzi zenye picha yake. Bwana Elieza alisimama kati yangu na Afande, naye amevishwa fulana. Nilisikia meno yake yakigongana.

Mheshimiwa alitazama pingu, akatikisa kichwa. Alitazama mjeledi, akafuta jicho. Akafika namba kumi na nne, akasoma kibao, akasogea mpaka pua yake ikakaribia nondo.

Bi Fidea alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Jasho lilikuwa linateremka kwenye shavu lake, na hakulifuta. Nilihesabu moyoni. Nilifika thelathini.

"Mheshimiwa," Bi Fidea alisema. Sauti ilikuwa ile ile ya chini. "Mimi ni mgeni katika nchi yako. Mlango umejifunga. Naomba nifunguliwe."

Mtu wa usalama aliye karibu nami alipeleka mkono ndani ya koti. Daktari Lukwaro alifumba macho. Mlezi wa Taifa hakushtuka. Aliinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza redio, akangoja kuona kama kuna zaidi, kisha akageuka na uso uliojaa furaha.

"Mpaka sauti mmemwekea," alisema. "Na Kiswahili safi kabisa. Hivi ndivyo walivyokuwa wanaomba, maskini, na mkoloni hakuwasikia."

Akapiga makofi. Mawaziri wakapiga makofi. Korido ikavuma. Kisha pale pale, akiwa ameipa sanamu mgongo, akazungumza na taifa moja kwa moja, kwenye redio na televisheni zote mbili:

"Natangaza mbele ya dunia kwamba katika jengo hili, mbele na nyuma, hakuna mfungwa. Hakuna mtu humu ndani. Atakayesema yumo mtu ni mwongo, ni adui, na sheria itamfunga."

Wakaondoka kwenda Ikulu kula pilau. Waliondoka wote, na Daktari, na Bwana Bitegeko na mafaili yake, maana kukosa pilau ile kungeonekana. Walibaki askari wawili langoni.

*

Tulisimama sisi watatu, na yule mmoja amekaa ndani.

"Kaka," Bi Fidea alimwita Afande. "Umesikia alivyosema?"

Afande alisema amesikia.

"Mimi nimo humu?"

Nilimwona Afande akifikiri. Ilikuwa kazi ngumu, kama mtu anayehamisha kabati peke yake. Akaniuliza kama maneno ya Mheshimiwa yana nguvu kuliko hati. Nikasema kwa mujibu wa Katiba, maneno ya Mheshimiwa ndiyo Katiba. Akaniuliza kama mtu akiendelea kufunga mlango huu, si ni kama anasema yumo mtu. Nikasema mimi ni mkata tiketi. Lakini aliona jibu usoni mwangu.

Aliufungua. Mlango ulilia kama ulivyolia asubuhi. Bwana Elieza aliingia akamshika mkewe mkono, akamwinamia kumvisha viatu, na nikasikia akimwambia watoke upesi, upesi, kabla watu hawajashiba.

Lakini Bi Fidea hakwenda upande wa lango. Alisimama katikati ya korido.

"Na kule nyuma?"

"Kule hakuna mtu," Afande alisema. "Ametaja mbele na nyuma."

"Basi pafungue hewa iingie."

Afande alitaja hesabu ya jioni. Bi Fidea akamuuliza, kwa upole kabisa, ni hesabu ya watu gani. Mumewe alimvuta mkono akasema mama Anjela, tafadhali, hayo si yetu, sisi ni watalii. Mimi na Bi Fidea tulikuwa tunamtazama Afande, na Afande alikuwa anatazama pete yake ya funguo kana kwamba ndiyo kwanza anauona uzito wake. Nje, mbali, ngoma zilikuwa zinapigwa.

Akaondoka kwenda nyuma. Tulisikia bati likisukumwa. Halafu tukasikia mlango. Halafu mwingine.

*

Walitoka wakitembea karibu na ukuta, mmoja nyuma ya mwingine, wakikinga macho. Kassian Mtitu alikuwa kijana kuliko sauti yake. Alimtafuta Bi Fidea kwa macho, akampata, akainama. Wote walikuwa na matambara yaliyoandikwa namba mgongoni, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba chini ya meza yangu kulikuwa na maboksi manne ya fulana za uzinduzi. Dakika chache baadaye kila mmoja alikuwa na uso wa Mlezi wa Taifa kifuani. Miguu peku haikunitia wasiwasi. Nusu ya wananchi waliokuja kushangilia asubuhi walikuja peku.

Tatizo lilikuwa askari wa lango. Amri yao ni kwamba hapiti mtu asiye na tiketi. Nikakaa mezani kwangu, nikakata tiketi kumi na tisa. Kwa haraka nikaharibu mbili. Sikuwahi kukatia tiketi watu wanaotoka, lakini kanuni haikatazi, niliisoma tena jioni ile kuhakikisha. Afande Nangomwa alikuja akaiweka pete ya funguo mbele yangu juu ya meza, akapita mlango wa watumishi, na hatukumwona tena.

Tulipokaribia lango, askari mmoja alinyanyua bunduki kidogo.

"Hawa nani? Asubuhi sikuwaona."

Bi Fidea alivuta pumzi ili ajibu, lakini Bwana Elieza akampita. Mtu yule ambaye tangu saa tano alikuwa anatetemeka alitembea mpaka mbele ya bunduki, akafungua daftari lake, akajikohoza.

"Ni kundi langu," alisema. "Watalii. Mimi ndiye kiongozi wa msafara. Tumechelewa, na bado tuna Mnara wa Ushindi, Kanisa la Wajerumani na Soko Kuu."

Askari alitazama fulana kumi na tisa. Nyuso kumi na tisa za Mheshimiwa zilimtazama. Ni vigumu kuelekeza bunduki kwenye uso ule. Askari wa kwetu hawajafunzwa. Akaishusha. Akahesabu tiketi, zikatimia.

Kutoka langoni hadi kona ya barabara ni hatua mia nne, mbele ya uwanja uliojaa askari wa gwaride. Bwana Elieza alitangulia, mkono juu, akizungumza kwa sauti ya waongozaji aliowasikiliza maisha yake yote. Kushoto kwenu, ndugu wageni, ni Mnara wa Ushindi, mita thelathini na mbili, kwa kukisia. Wote kumi na tisa wakageuka kushoto. Kulia ni jengo la posta la zamani, tazameni madirisha. Wakatazama madirisha. Mzee mmoja alikuwa analia, na mwenzake akamshika bega kama mtu aliyeguswa na historia. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba mkoba wa Bi Fidea. Kanuni inasema mkoba akabidhiwe mwenyewe nje ya jengo, na haisemi ni umbali gani.

Tulipinda kona. Askari hawakutuona tena. Bwana Elieza akafunga daftari, akaegemea nguzo ya taa. Mkewe alimfuta uso kwa kanga yake, polepole, na hakuna aliyezungumzia ramani.

Pale wale kumi na tisa walitakiwa watawanyike. Bi Fidea aliwaambia waende, mmoja mmoja, wasikimbie. Hawakwenda. Walisimama kwenye ile kona wakitazama barabara, pikipiki, mwanamke anayekaanga mihogo, nyaya za umeme.

"Mzee," Kassian alimwambia Bwana Elieza. "Endelea kidogo. Lile jengo la bluu ni nini?"

Bwana Elieza alilitazama. Halikuwa katika kitabu chake chochote.

"Sijui," alisema. "Nadhani ni duka la magodoro."

Wakageuka wote kulitazama, kwa muda mrefu.